"Would" na "-nge-" si kitu kimoja

Sikiliza mahojiano ya Kiingereza baada ya mechi, iwe Dar es Salaam au Nairobi, na haitachukua muda utasikia: "If he would have scored, we would have won." Wanaosema hivyo mara nyingi ni watu wenye Kiingereza kizuri na msamiati mpana, wasiochanganya "has" na "have" hata wakiamshwa usingizini. Ndiyo maana kosa hili linaniuma. Linatoka kwa mtu anayefikiri vizuri kwa Kiswahili, akaamini kwamba kila "-nge-" ina "would" yake.

Kanuni kwa ufupi ni hii. Sentensi ya masharti ina vishazi viwili: cha sharti, kinachoanza na "if", na cha matokeo. Vitenzi visaidizi "would", "could" na "might" kwa kawaida hukaa upande wa matokeo. Upande wa sharti, kitenzi hurudishwa nyuma hatua moja ya wakati. Jambo la sasa lisilo kweli huvaa wakati uliopita, "if I had money". Jambo lililokwisha kupita huvaa "had" pamoja na kitenzi kikuu, "if he had scored". Wakati uliopita katika "if I had money" hauzungumzii jana, unaonyesha tu kwamba jambo liko mbali na ukweli. Sharti linaloweza kutimia huchukua wakati uliopo: "if it rains, we will stay". Haya yamo katika kila kitabu cha sarufi cha sekondari.

Kisichoelezwa sana darasani ni kwa nini tunaojua Kiswahili ndio tunaotumbukia hapa. "Ningekuwa na fedha, ningenunua shamba." Kiambishi ni kile kile pande zote mbili, kwa sababu Kiswahili hutaka sharti na matokeo yote yakiri kwamba jambo ni la kudhania. Kiingereza kimegawa kazi hiyo: sharti linarudi nyuma kwa wakati, matokeo yanapewa "would". Anayehamisha silabi kwa silabi atapata "If I would have money, I would buy a farm", na ataona amepanga vizuri, maana kwa kipimo cha Kiswahili amepanga vizuri kweli.

Kuna jingine. Wengi wetu tumeiacha "-ngali-" na kutumia "-nge-" hata kwa yaliyopita: "ningejua nisingekwenda". Ndipo tofauti ya "if I knew" na "if I had known" inapotuponyoka. Mzee anayesema bado "ningalijua nisingalikwenda" anayo alama masikioni: "-ngali-" ya sharti inakwenda na "had", "-ngali-" ya matokeo inakwenda na "would have".

Kwenye sharti linaloweza kutimia, Kiswahili kinatuongoza sawasawa. "Mvua ikinyesha, tutabaki." Katika "ikinyesha" hamna "-ta-", na Kiingereza nacho hapo hakiweki "will". Anayesema "if it will rain" ametokea kwenye "kama itanyesha". Angeanzia kwenye "ikinyesha" asingekosea.

Sasa tuiangalie "would" yenyewe, maana asili yake inaeleza karibu kila kitu. "Would" ni wakati uliopita wa "will". Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya Wanormani kuvuka bahari kutoka Ufaransa na kuiteka Uingereza mwaka 1066, kitenzi kilikuwa "willan" na wakati wake uliopita "wolde". Maana yake ilikuwa kutaka. Mjerumani mpaka leo akisema "ich will" anasema "nataka", na Mwingereza huuita wosia "will", kwa kuwa ni maandishi ya matakwa ya mtu. Polepole kutaka kukageuka kuwa wakati ujao, kwani anayetaka kwenda ndiye tunayetarajia aende.

Na Kiswahili kimepita njia hiyo hiyo! "-ta-" ya wakati ujao ni mkato wa "-taka". Ushahidi uko midomoni mwetu kila siku: tunasema "atakuja", lakini tukiweka kirejeshi tunasema "mtu atakayekuja", "siku nitakapofika", na hapo "-taka-" imebaki nzima. Bila kuambiana, lugha hizi mbili zilichukua kitenzi cha kutaka zikakifanya cha wakati ujao.

Kwa hiyo ndugu halisi wa "will" ni "-ta-", na "would" ni "-ta-" iliyosogezwa mbali. Ndiyo maana inakaa kwenye matokeo. Matokeo hufuata sharti, kwa hiyo kwa namna fulani ni wakati ujao hata yakiwa ya kudhania. Sharti linatangulia, halingoji kitu, na halihitaji kitenzi cha wakati ujao. Mwanafunzi aliyeshika hilo hana haja ya kukariri aina ya kwanza, ya pili na ya tatu za sentensi za masharti.

"Could" nayo isisahauliwe, kwa sababu tumezoea kubandika "would" kila mahali. Inatoka kwa "can", ambayo zamani ilikuwa kujua. Zamani iliandikwa "coude". "L" ilichomekwa baadaye ili ifanane na "would" na "should", na haitamkwi. Ukisema "If she had a car, she could reach Morogoro by noon", unasema angeweza kufika. Kama angeamua kwenda ni habari nyingine. Ukiweka "might", unasema huenda angefika. Hizi ni taarifa tatu tofauti, na "would" inabeba moja tu.

Wapo watakaojibu kwamba Wamarekani wenyewe husema "If I would have known". Husema, tena sana, katika mazungumzo. Lakini katika maandishi yaliyopita kwa mhariri huwa inasahihishwa, na mtahini hatakubali utetezi huo.

Linabaki kundi jingine, nalo nalisema kwa upole kwa sababu ni la watu makini: wale walioishika kanuni wakawa wanafuta kila "would" iliyo baada ya "if". Nimeona barua ya maombi ya kazi yenye sentensi "I would be grateful if you would consider my application", na "would" ya pili imekatwa kwa wino mwekundu. Haikustahili. Hapo "would" imerudi kwenye maana yake ya kale, kutaka na kuridhia: nitashukuru iwapo mtaridhia kuyaangalia maombi yangu. Ndivyo ilivyo pia katika "if you would wait here, please". Mvua hairidhii na goli haliridhii, lakini mtu anayeombwa anaweza kuridhia. Pale unapoweza kutia neno "kuridhia" na sentensi ikabaki na maana, iache "would" ilipo. Mwombaji yule alikuwa sahihi.