Bibi wa kituo namba 4

Kengele ya mtihani ililia. Mwanafunzi wa mwaka wa 5 akaingia kituo namba 4, akapaka kitakasa mikono, akasema kwa pumzi moja: "Habari, mimi ni mwanafunzi wa udaktari, naomba majina yako kamili na umri." Mbele yake ameketi bibi wa miaka 60 na ushee, khanga mabegani, ana mjukuu anayeharisha tangu juzi. Bibi akataja jina, akanyamaza. Fomu yangu ya mtahini ilidai vema tatu: kutakasa mikono, kujitambulisha, kuhakikisha jina. Nikaziweka zote. Lakini mazungumzo yalishaharibika palepale, maana kijana hakumwamkia.

Fomu ile tuliichukua nje ya nchi, tukaitafsiri tu. Shikamoo haikuwemo.

Naipenda oski (OSCE), mtihani huu wa vitendo wa udaktari unaopita kituo hadi kituo, na naomba nieleze kwa nini. Sisi tulipimwa kwa kesi ndefu: unapewa mgonjwa mmoja wodini, unakaa naye karibu saa nzima, kisha wakubwa wawili wanakuhoji. Mwenzako akipata mzee mchangamfu mwenye mvumo wa moyo unaosikika wazi, wewe ukaangukia mgonjwa aliyechoka asiyetaka kusema, ndiyo bahati yako hiyo. Mwaka 1975 Ronald Harden, mwalimu wa udaktari wa Dundee, Uskoti, na wenzake walieleza katika British Medical Journal njia ya kupunguza bahati hiyo: vituo vingi vifupi, kila mtu apite vyote, kazi ileile, fomu ileile.

Kwetu ni vituo 12. Dakika 2 unasoma maelekezo mlangoni, dakika 8 unafanya kazi, kengele, unahama. Wingi huo una maana: anayejua kusikiliza mapafu si lazima ajue kumpa mama habari mbaya.

Bibi mwenyewe si mgonjwa, ni mwigizaji tuliyemfundisha, jambo ambalo daktari Howard Barrows alilianzisha Los Angeles mwaka 1963. Mtoto "yuko kwa nesi anapimwa uzito". Bibi ameshampa vidonge vya dukani, ila hasemi mpaka aulizwe habari za dawa. Mwishoni lazima aulize: "Akiacha kuharisha kesho, hivi vidonge vya zinki mlivyomwandikia niache?" Jibu ni hapana, amalize siku zote alizoandikiwa, 10 hadi 14. Wa kwanza na wa mwisho wanakutana na bibi yuleyule.

Siku hiyohiyo aliingia binti mmoja, akapiga goti kidogo. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, karibu." Alisahau kutaja jina lake, vema ikampita. Alipofika kwenye ORS, dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, aliuliza, "Nyumbani mnapimia maji kwa chombo gani?" Bibi akasema jagi. Binti akainua chupa tupu ya lita 1 iliyokuwa mezani: "Jaza hii maji safi na salama, mimina kwenye jagi, weka pakiti nzima, koroga. Ikifika kesho saa kama hizi, yaliyobaki mwaga." Kwa hesabu ya vema, yeye na yule kijana walipishana alama 1.

Ndiyo maana siku hizi mtahini hutoa hukumu mbili. Anaweka vema, kisha, bila kuzijumlisha, anasema kwa ujumla mwanafunzi ameshindwa, yuko mpakani, amefaulu, au ni mzuri sana. Baadaye tunalinganisha hukumu hizo na alama za wote, tunachora mstari, na pale mstari unapokutana na "mpakani" ndipo alama ya kufaulu ya kituo kile. Kituo kigumu hakidai alama sawa na kirahisi, na jicho la daktari mzoefu linapata nafasi yake.

Nilimwita yule kijana tukaongea. Alinijibu kwa adabu kabisa: "Shikamoo haina alama, daktari." Hakuwa mtovu wa heshima. Alikariri tulichomwonyesha kuwa na thamani, na hilo liliniuma kuliko kosa lake.

Tumeiandika upya fomu, kuamkia kumo. Bibi naye sasa ana kisanduku chake: je, ungerudi kwa daktari huyu? Wenzangu wanataka jibu lake libaki la ushauri tu. Mimi nataka lihesabiwe, na nitalirudisha tena kwenye kikao kijacho cha watahini.