Mamba wa Darini na Furu wa Chupani

Wageni wakiingia chumba changu cha vielelezo, macho yote hukimbilia fuvu la mamba. Chupa za furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wanazipita kama hawazioni. Siwalaumu, wakusanyaji wa zamani nao walikuwa hivyohivyo.

Mwaka 1599 Ferrante Imperato, mfamasia wa Napoli, alichapisha kitabu chenye mchoro wa chumba chake: kome, ndege waliokaushwa, na mamba mzima ametundikwa darini. Kitu kikiwa cha ajabu, mwenye nacho alipata heshima. Kimetoka wapi, lini? Mara nyingi hakuna aliyejali. Ila mkusanyaji mwingine, Ole Worm wa Denmark, alinifurahisha. Mwaka 1638 alionyesha kwamba zile pembe zilizodaiwa kuwa za farasi wa pembe moja wa hadithini ni jino la nyangumi wa bahari ya kaskazini. Alikuwa na fuvu ambalo jino bado limekaa mahali pake. Mimi ningechukua fuvu lile, mamba wa darini abaki na mwenyewe.

Tuje kwenye furu. Nikimpata mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, namtia kwenye fomalini nyama ikaze, namsuuza siku kadhaa, kisha namhamishia kwenye spiriti ya asilimia 70. Rangi huondoka, dume mwekundu wa jana anageuka kahawia kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, kwa hiyo picha hupigwa kwanza. Lebo inakaa ndani ya chupa pamoja na samaki, na huandikwa kwa penseli. Mwaka wangu wa kwanza nilitumia kalamu ya wino. Nilibaki na chupa kumi na moja za maji ya buluu na samaki wasio na kwao.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kukusanya furu wa Ghuba ya Mwanza. Sangara, samaki mkubwa alaye samaki wenzake, alishapandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950, na miaka ya 1980 akajaa huku kwetu. Aina nyingi za furu zikaacha kuonekana nyavuni. Tunazitambua leo kwa sababu zilikwisha kuingia chupani, zikiwa na lebo.

Chupa nyingi ziko Leiden, na hilo linaniuma. Ngoma za Wasukuma utazikuta kwenye makumbusho ya Bujora, Kisesa, mwendo wa daladala tu. Furu wa ghuba yetu, mtoto wa Kirumba akitaka kumwona, apande ndege.