Kwa nini kipande cha alumini hupinda kinapotolewa kwenye jiriwa

Kipande chembamba cha alumini kikipimwa kingali kimebanwa mashineni, mara nyingi huonekana kimenyooka kabisa. Jiriwa ikilegezwa, miisho yake huinuka. Lawama humwendea kwanza mwendesha mashine, au kikatio kilichokwisha makali. Kwa maoni yangu lawama hiyo mara nyingi si ya haki, kwa sababu chanzo kikuu kimo ndani ya bamba lenyewe tangu lilipotoka kiwandani.

Bamba la aloi ya alumini ya aina kama 6061 au 7075 la hali ya T6, yaani lililoimarishwa kwa joto, hupashwa joto kali kisha huzamishwa ghafla majini, hatua ambayo ni ya lazima ili baadaye lipate uimara wake. Tabaka la nje hupoa kwanza na kuwa gumu, na kiini kinapopoa baadaye hutaka kusinyaa huku kikizuiwa na tabaka hilo. Mwishowe tabaka la nje hubaki na mkandamizo na kiini hubaki na mvutano, na nguvu hizo husawazishana hadi siku tunapochonga upande mmoja tu. Tukiondoa tabaka la juu lenye mkandamizo, mizani huharibika, na miisho ya kipande hujikunja kuelekea upande ule uliochongwa.

Ndiyo maana kabla ya kuwasha mashine mimi huangalia alama iliyopigwa kwenye bamba. T651 maana yake ni kwamba baada ya kuzamishwa, bamba lilivutwa likarefuka kwa asilimia 1.5 hadi 3, na mvuto huo huondoa sehemu kubwa ya mkazo, yaani zile nguvu zilizofungwa ndani yake, ingawa si wote.

Tuchukue kifuniko cha urefu wa milimita 300, kinachochongwa kutoka bamba la milimita 20 hadi sakafu ya milimita 3. Kukimaliza upande mmoja kisha kugeuza ni kualika mpindo. Mimi kwanza hufanya uchongaji wa awali pande zote mbili kwa zamu, nikibakiza milimita moja hivi kila mahali, na kama kuna mashimo kadhaa ya mraba, huyashusha yote tabaka kwa tabaka badala ya kumaliza moja kabla ya jingine.

Kisha hulegeza vibano vyote. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi karakanani, na ndiyo ninayoithamini kuliko nyingine zote. Kipande kikishapoa, hukilaza juu ya meza ya kupimia bila kukibana na kubonyeza kila pembe kwa kidole. Kikicheza, hupitisha fila geji, yaani vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, chini ya pembe iliyoinuka nijue nafasi ni kiasi gani. Kinaporudi mashineni, nafasi hiyo hujazwa kwa vipande vya bati chembamba vya unene uleule, ili kibano kikishike kama kilivyo bila kukinyoosha kwa nguvu. Uso unaochongwa hapo huwa wa kweli, na ndio unaobeba vipimo vingine vyote.

Nguvu ya kubana inastahili kuhofiwa hivyo, kwa kuwa moduli ya unyumbufu ya alumini, yaani kipimo cha jinsi inavyokataa kunyumbuka, ni gigapaskali 70 hivi, karibu theluthi moja ya ile ya chuma cha pua au chuma cha kawaida, na ukaidi wa bamba dhidi ya kupinda hufuata unene uliopandishwa kwa kipeo cha tatu: sakafu ikipunguzwa kutoka milimita 6 hadi 3, hubaki na thumuni tu ya ukaidi wake.

Joto nalo lina sehemu yake. Kifuniko chetu kikipanda nyuzi 10 za Selsiasi hurefuka kwa milimita 0.07 hivi, kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa kikiwa bado cha moto hakifai kitu.

Wengine huniambia kwamba meza ya kufyonza hewa humaliza tatizo hili, kwa kuwa haibani kwa ubavuni. Ni kifaa kizuri, lakini nayo huvuta kipande kilichopinda hadi kilale bapa, kisha hukiachia kirudi kilivyokuwa. Kwa sababu hiyo huitumia tu baada ya uso mmoja kuwa umekwisha kunyooshwa kwa njia niliyoeleza.