Hasara husafiri kabla benki haijaanguka: DebtRank kwa hesabu ya benki tatu

Chukua benki tatu. A ina mtaji wa bilioni 10, B bilioni 10, C bilioni 8; sarafu chagua mwenyewe. A imeikopesha B bilioni 5, B imeikopesha C 6, na C imeikopesha A 4. Siku moja C inapoteza bilioni 4 kwenye mikopo ya nyumba. Mfumo mzima umepoteza kiasi gani?

Modeli nyingi za mwanzo za uambukizaji kati ya benki zitakujibu 4. C imebakiwa na mtaji wa 4, italipa kila inachodaiwa, kwa hiyo B haina la kuhofia. Katika modeli hizo benki humwambukiza jirani pale tu inapofilisika.

Mgogoro wa fedha duniani wa 2007 hadi 2009 haukwenda hivyo. Kamati ya Basel, chombo cha kimataifa cha wasimamizi wa benki, ilieleza kwamba takriban theluthi mbili ya hasara zilizotokana na hatari ya mshirika wa mkataba zilikuja kwa kushuka kwa thamani ya madai, na theluthi moja tu kwa mshirika kushindwa kulipa kweli. Mdeni akidhoofika, deni lake hupungua thamani kwenye vitabu vyako leo, hata kama hajachelewa kulipa hata siku moja.

Mwaka 2012 Stefano Battiston, mtu wa fizikia, pamoja na wenzake walitoa kipimo cha DebtRank kinachohesabu hilo. Kwanza gawanya kila mkopo kwa mtaji wa aliyekopesha, si wa aliyekopa (hapa ndipo wanaoanza hukosea sana). A kwa B ni 5/10, yaani 0.5, B kwa C ni 0.6, C kwa A ni 4/8, yaani 0.5. Kisha sukuma mshtuko. C imepoteza nusu ya mtaji, 0.5. B inapoteza 0.6 × 0.5 = 0.3 ya mtaji wake, bilioni 3. A inapoteza 0.5 × 0.3 = 0.15, bilioni 1.5. Halafu hasara inarudi ilikotoka: C inapoteza tena 0.5 × 0.15 = 0.075, bilioni 0.6.

Toleo la 2012 husimama hapo, kwa kuwa kila benki huruhusiwa kupitisha mshtuko mara moja tu. Jumla ni 9.1. Sharti hilo liliwekwa ili hasara isihesabiwe mara mbili, lakini linakata mzunguko ambao kweli upo. Toleo la 2015 linapitisha nyongeza mpya tu ya hasara katika kila duru, bila kikomo cha mara moja, na hilo ndilo ninalolitumia. Kila mzunguko kamili unabakiza 0.5 × 0.6 × 0.5 = 0.15 ya uliotangulia, hivyo jumla ni mzunguko wa kwanza (4 + 3 + 1.5 = 8.5) ÷ 0.85 = bilioni 10 kamili. Hasara ya 4 imezaa 10, na hakuna benki iliyofilisika.

Sasa acha mitaji ilivyo, kuza mikopo: A kwa B 15, B kwa C 12, C kwa A 8. Uwiano unakuwa 1.5, 1.2 na 1. Mzunguko ni 1.8, umepita 1. Mshtuko uleule wa 4 sasa unakua kila unapozunguka, na baada ya duru chache mtaji wote wa 28 umekwisha. Kwenye mtandao mkubwa wenye mizunguko iliyoingiliana huwezi kuzidisha kwa mkono. Unatafuta aigenvalyu kubwa kuliko zote ya matriksi (jedwali) ya uwiano huo, yaani namba inayoonyesha mshtuko huzidishwa mara ngapi kwa kila hatua. Chini ya 1 mshtuko unafifia, juu ya 1 unakua. Hii ndiyo namba ninayoitazama kwanza, kabla ya ukubwa wa benki yoyote. Utafiti wa 2017 wa kundi hilohilo ulionyesha jambo linaloudhi wasimamizi: benki zikitawanya mikopo kwa washirika wengi zaidi, huzaa mizunguko, na mfumo unaweza kuyumba ingawa kila benki peke yake inaonekana salama.

Kuna njia mbili za hasara kusambaa ambazo hesabu hii haizioni. Moja ni mkopeshaji kukatia jirani fedha: hapo maumivu yanakwenda upande wa mkopaji, kinyume na hesabu yetu ambamo hasara hutoka kwa mkopaji kwenda kwa mkopeshaji. Ya pili ni uuzaji wa haraka. Benki yenye mali ya 100 na mtaji wa 5 ina uwiano wa mali kwa mtaji wa 20. Bei ikishuka asilimia 1 tu, mali ni 99 na mtaji 4, uwiano 24.75. Ili irudi 20 lazima iuze mali ya 19, na kuuza huko kunashusha bei ya mali walizoshika wengine.

Kikwazo kikubwa zaidi ni data. Nani kamkopesha nani ni siri ya benki kuu. Mtafiti wa nje huona jumla tu kwenye mizania. Njia ya mkato ni kujaza matriksi kwa entropia ya juu kabisa, kana kwamba kila benki imemkopesha kila mmoja kidogo. Mitandao halisi haiko hivyo: huwa na mikopo michache mikubwa inayopita kwenye benki chache za katikati, na ujazaji huo mara nyingi hufanya uambukizaji uonekane mdogo kuliko ulivyo. Mimi huzalisha mitandao 1,000 inayolingana na jumla zilezile, yenye misongamano tofauti (idadi tofauti ya mikopo kati ya benki), na kuripoti aigenvalyu ya chini na ya juu. Zikiwa 0.7 na 1.3, andika zote mbili. Wastani wa 1 hapo hauna maana yoyote.