Uchungu wa leba na mkono wa msindikizaji

Mama wa mimba ya kwanza akiingia leba, mara nyingi ninachokiona mwanzo si tumbo, ni mabega. Yamepanda karibu na masikio, meno yameumana, vidole vimefumbata kanga. Mwili uliokazwa hivyo huumia zaidi. Hofu huongeza homoni ya adrenalini, nayo huidhoofisha oksitosini, ile inayoleta uchungu. Njia inachelewa kufunguka, mama anachoka, hofu inazidi.

Kwa hiyo wakunga tunaanzia hapo: shusha mabega, legeza taya. Vuta pumzi taratibu kwa pua, itoe kwa mdomo polepole kama anayepooza uji. Uchungu mmoja kwa kawaida hukaza kwa dakika moja hivi, kisha unaachia. Pumzi sita au saba, umepita. Ukiachia, kojoa, tembea, kunywa maji au uji wa uwele kama mkunga hajakukataza.

Lakini kwa niliyoyaona, hakuna kinachoshinda mkono wa mtu mwingine. Mama ainamie ukingo wa kitanda. Msindikizaji asimame nyuma yake, aweke kiganja kwenye ule mfupa bapa chini ya kiuno, juu kidogo ya makalio, kisha akandamize kwa nguvu tangu uchungu unapoanza hadi unapoachia. Si kupapasa. Mama mwenyewe atamwelekeza: "Shuka kidogo... hapo hapo." Kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza, kikikamuliwa vizuri, kinafaa pia mahali hapo.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mama awe na msindikizaji anayemtaka mwenyewe. Wodi zetu si zote zina nafasi wala mapazia, hivyo ulizeni mkiwa bado kliniki. Na mchague vizuri: shangazi wa "sisi tulizaa saba kimya kimya" abaki nyumbani, atapika.

Kupunguza uchungu bila dawa, jamani, si kutumia mizizi. Majani na mizizi ya "kuongeza uchungu" hayana kipimo. Uchungu ukija mfululizo bila kuachia, mtoto hukosa hewa, na kizazi kinaweza kupasuka. Tena, pumzi, mkono na kitambaa cha moto hupunguza maumivu, haviyafuti. Ukiomba dawa ya maumivu hujashindwa chochote.

Damu nyingi, maji ya kijani, kichwa kinachogonga na macho kuona ukungu, degedege, mtoto kuacha kucheza, tumbo lisiloachia: hapo usikandwe wala usihesabu pumzi, wahi kituoni. Unayeishi vijiji vya ndani vya Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, wiki za mwisho sogea karibu na kituo, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito. Ukibaki nyumbani, namba ya dereva iwe imeandikwa nyuma ya kadi ya kliniki tangu mwezi wa nane wa mimba, na msindikizaji awe nayo kwenye simu yake.