Rubani aliyekwama hajashindwa: dhana potofu kuhusu kuzunguka dunia kwa ndege ndogo

Sisi wa Mombasa si wageni wa ndege ndogo. Wakaao Port Reitz na Magongo huzisikia zikiondoka Uwanja wa Moi kupeleka watalii Maasai Mara, na wa Diani huziona zikitua Ukunda. Lakini ikitajwa habari ya mtu kuizunguka dunia kwa ndege ya injini moja, barazani husemwa mengi yasiyo na msingi. Linaloniuma zaidi ni hili la kwamba rubani akikwama mahali wiki mbili, basi safari imemshinda.

Dhana: Aliyechelewa hakujipanga

Tuanze na hesabu. Shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, humtaka anayetafuta rekodi ya kuzunguka dunia asipungukie kilomita 36,787.559, yaani urefu wa Tropiki ya Kansa. Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, ikienda kilomita 220 kwa saa, umbali huo ni saa 167 hivi. Siku saba tu za kuwa hewani! Mbona basi safari hizi huchukua miezi?

Tazama waliotangulia. Tarehe 6 Aprili 1924, ndege nne za jeshi la Marekani ziliondoka Seattle. Mbili zilikamilisha mzunguko tarehe 28 Septemba, baada ya siku 175, ilhali muda wa kuruka wenyewe ulikuwa kama saa 371. Na hao walikuwa na serikali nyuma yao, na injini za akiba zilizotangulizwa njiani. Siku nyingine zote zilikwenda kwa matengenezo, ukungu na kungoja.

Mwaka 1964, Jerrie Mock wa Columbus, Ohio, alikuwa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa ndege. Alitumia Cessna 180 na siku 29. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Bermuda, na hali mbaya ya hewa ikamweka hapo karibu wiki nzima, tena akijua kuna mwenzake aliyeondoka siku mbili kabla yake kwa safari kama hiyo. Alivumilia, na ndiye aliyemaliza kwanza. Zara Rutherford naye aliondoka Ubelgiji Agosti 2021 akiwa na miaka 19, akitarajia miezi mitatu. Alirudi tarehe 20 Januari 2022. Baridi, hali ya hewa na viza ya Urusi vilimshika Nome, Alaska, kisha akakwama tena Ayan, Siberia. Yupi kati ya hawa alishindwa?

Wazee wetu wa pwani wasingeuliza. Jahazi lililokuja na kaskazi lilitia nanga likangoja kusi ndipo lirudi Uarabuni, na hakuna aliyemwita nahodha mzembe.

Dhana: Rubani hodari hupasua wingu

Hii ndiyo inayoua, kwa hiyo naomba isomwe polepole. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasio na uzoefu wa kuruka kwa kutegemea vyombo peke yake, yaani vipimo vilivyo mbele ya rubani. Walinyimwa kuona nje, kama vile wameingia wingu zito. Wote walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Sababu yake imo ndani ya sikio: bila kuona upeo wa macho, mwili huhisi umekaa sawa huku ndege imelala ubavu na inazunguka kuelekea chini. Ushujaa hausaidii kitu hapo.

Hata aliyefunzwa vyombo hukwepa wingu la radi, kwa kuwa mikondo iliyomo ndani yake inaweza kuivunja ndege ndogo. Mei, masika yakishika Mombasa, anayebaki chini na kuagiza chai anafanya kazi yake barabara.

Dhana: Mafuta ni mafuta

Sivyo. Injini nyingi za pistoni hutumia petroli ya ndege, avgasi, ambayo aina yake iliyoenea hutiwa rangi ya buluu ili isikosewe. Mafuta ya jeti ni jamii ya mafuta ya taa. Ukiyatia kwenye injini hiyo, itagonga na kuharibika, pengine dakika chache baada ya kuruka. Viwanja vingi duniani vina mafuta ya jeti tu. Avgasi huagizwa kwa mapipa mapema, na pipa lisipofika, hakuna safari. Ndege chache za injini za dizeli zimeepukana na shida hii, kwa kuwa hizo huweza kutumia mafuta ya jeti.

Dhana: Ndege ndogo haivuki bahari

Huvuka, ila kwa hesabu. Mombasa hadi Mahé, Shelisheli, ni kama kilomita 1,750, ambazo Cessna 172 huzimaliza kwa saa nane hewa ikiwa tulivu. Upepo wa mbele ukiipunguzia kilomita 40 kwa saa, zinakuwa karibu saa kumi. Matangi yake ya kawaida hutosha saa tano hivi au sita, kwa hiyo tangi la ziada hufungwa ndani, nyuma ya rubani. Kwa safari kama hiyo, kuukagua upepo siku tatu mfululizo si woga.

Dhana: Angani hakuna mipaka

Mkataba wa Chicago wa 1944 unasema kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga yake. Nchi nyingi hudai kibali cha kupita na cha kutua, na kibali kina tarehe. Ukichelewa Mombasa kwa sababu ya plagi iliyokufa, cha Shelisheli kinaweza kupitwa, kisha cha Maldivi, kisha cha Sri Lanka. Ndiyo maana rubani aliyekwama, kabla hata fundi hajafungua kifuniko cha injini, huziandikia ofisi za mbele akianza na ile iliyo karibu zaidi, na huomba siku za ziada badala ya tarehe moja. Tena huandika mapema, kwa maana ofisi zikishafungwa kwa mwisho wa wiki, jibu ni wiki ijayo.