Tawi la Ziada Kwenye Bomba la Hewa Si Uvimbe

Kliniki yetu ya kifua hapa Kisumu imekuwa ikipokea watu wenye hofu moja. Ripoti ya skani ya CT imesema bomba la hewa lina tawi lisilo la kawaida, na kabla hawajatufikia, jirani ameshawaambia ni uvimbe. Wapo waliokuja wakiwa tayari wamechangisha pesa za upasuaji ambao hakuna daktari aliyeuagiza. Inatuuma.

Bomba la hewa hugawanyika matawi mawili kifuani. Tawi la kulia ni pana, fupi, na limesimama wima zaidi. Ndiyo maana njugu inayompalia mtoto mara nyingi huishia pafu la kulia. Kwa watu wachache, takriban 1 katika kila 1,000 hadi 2 katika kila 100, tawi linalopeleka hewa juu ya pafu la kulia huchipuka mapema, kwenye bomba lenyewe. Mbuzi, kondoo, ng'ombe na nguruwe wote wameumbwa hivyo, muulize mchinjaji. Tawi hilo mtu huzaliwa nalo. Halikui kama uvimbe, halikuletwa na mtu, na kwa kawaida halikatwi. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado tunaulizwa nani amemroga mtoto.

Lakini mtoto anayepata nimonia mara kwa mara palepale, juu kulia, aletwe achunguzwe.

Jambo zito ni nusukaputi, yaani dawa ya kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji. Mrija wa kupumulia anaowekewa mgonjwa unaweza kuziba mdomo wa tawi hilo, sehemu hiyo ya pafu ikanywea na oksijeni ikashuka akiwa kwenye meza ya upasuaji. Kwa hiyo, ukipangiwa upasuaji wowote, hata wa mguu, njoo na ripoti iliyochapishwa pamoja na CD ya picha. Picha ya simu haisomeki. Mkabidhi mtaalamu wa nusukaputi mwenyewe, kabla ya kutia sahihi fomu ya idhini, na uhakikishe ameandika kwenye faili. Wahudumu wakumbuke kwamba chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kusambaza ripoti ya mgonjwa bila idhini kunaweza kuleta faini ya hadi shilingi milioni 3, kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili.

Anayekuja kupitishwa kamera mapafuni asile chochote kwa muda wa saa 6 kabla ya kipimo. Maji matupu yanaruhusiwa hadi zibaki saa 2 kabla ya kipimo. Chai ya maziwa tunaihesabu kuwa chakula, na aliyeinywa atapangiwa siku nyingine.